Ruzuku za utamaduni za balozi na kipato cha wanawake: nani analipa, analipia nini, na pesa hukwama wapi

Kikundi cha wanawake kikikutana na tangazo la ubalozi lenye maneno "haki za wanawake, uwezeshaji kiuchumi na utamaduni", mara nyingi hutoa kabatini andiko lile lile lililokwenda kwa wafadhili wa maendeleo, kikabadili jina la mfadhili na kulituma. Andiko hukataliwa, na barua ya kukataliwa haielezi mengi. Sababu yenyewe si siri: fungu hilo halitoki kwenye mfuko wa maendeleo. Ni la diplomasia, na aliyelitenga anataka kwanza watu wa nchi mbili wafahamiane. Utamaduni ndiyo njia yake ya kufika huko. Kipato cha wanawake ni matokeo anayoyapenda na yuko tayari kuyalipia, mradi yamepita katika njia hiyo.

Kwa hiyo andiko moja husomwa kwa macho matatu. Ofisa wa utamaduni anatafuta nchi yake imo wapi humu. Mtu wa fani anauliza kama kazi yenyewe ni ya kweli, au ngoma na mikeka vimewekwa kama pambo la semina. Mtu wa fedha anauliza kama kikundi kinaweza kupokea dola elfu ishirini na kuzitolea hesabu. Ukimridhisha mmoja ukawaacha wawili, umekosa.

Mifuko haifanani

Marekani ndiyo yenye kanuni zilizoandikwa kwa urefu kuliko wote, kwa hiyo makala haya yataitumia kama kielelezo. Msingi wake ni sheria mbili, ya 1948 inayojulikana kama Smith-Mundt na ya 1961 iitwayo Fulbright-Hays, ndiyo sababu pesa hizi hutolewa na kitengo cha diplomasia ya umma cha ubalozi. Hazikuwa za USAID, shirika la misaada ya maendeleo la Marekani, hata ilipokuwepo. Mfano mzuri wa jinsi biashara ya mwanamke inavyoingia kwenye mfuko wa utamaduni ni AWE, mpango wa kuwafunza wanawake wajasiriamali ulioanzishwa 2019 na idara ya elimu na utamaduni ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Masomo yake yalitoka katika programu ya DreamBuilder ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, na mashirika ya ndani yalipewa ruzuku kuyaendesha. Mwanamke alijifunza kuandika mpango wa biashara, na Marekani ilipata mtandao wa wanawake waliopita katika mafunzo yake. Pande zote mbili zilijua zinapata nini.

Kanada ina mfuko wake mdogo wa miradi ya ndani, ambao mradi mmoja hauwezi kuzidi dola 100,000 za Kanada, na mingi hupata chini sana ya hapo. Usawa wa jinsia ndani ya mfuko huo si kipengele cha hiari: mwombaji hueleza mradi unawagusaje wanawake na wanaume kwa namna tofauti. Mwaka wa fedha wa Kanada huisha 31 Machi, kwa hiyo miezi ya kazi huwa michache. Mradi unaohitaji msimu mzima wa mavuno au wa watalii haukai vizuri humo.

Japani ina ruzuku za ngazi ya chini tangu 1989, na nyingine ya utamaduni peke yake. Hizi hupenda vitu vinavyoshikika, yaani jengo, mashine na vyombo. Usizipelekee andiko la mishahara na semina.

UNESCO ina Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, uliotokana na Mkataba wake wa 2005 wa kulinda uanuwai huo. Unatoa hadi dola 100,000 za Marekani kwa mradi wa miezi 12 hadi 24, na maombi hupitia kwanza Tume ya Taifa ya UNESCO. Ushindani ni mkali, na wanapenda zaidi kuimarisha sekta nzima, kama vile sera, takwimu na masoko, kuliko kusaidia kikundi kimoja.

Halafu iko mifuko ya wanawake yenyewe: Mama Cash ya Amsterdam (1983), AWDF, mfuko wa maendeleo ya wanawake wa Afrika wenye makao Accra (2000), na hapa nyumbani Mfuko wa Wanawake Tanzania. Hawa hawakuulizi bendera ya mtu. Na tofauti na balozi, hawashangai ukiwaambia unahitaji pesa za kuendesha ofisi. Kama kazi yako hasa ni kutetea sheria ya mirathi au ndoa, nenda huko, kwa sababu ukiivika utetezi nguo ya tamasha, utapata pesa kidogo na mvutano mwingi.

Kiungo cha nchi mfadhili

Matangazo ya ubalozi wa Marekani huwa na sharti kwamba mradi uwe na kipengele cha utamaduni wa Kimarekani, au ushirikiano na wataalamu, taasisi au vyuo vya Marekani. Waombaji wengi hulimaliza kwa kuandika kwamba balozi ataalikwa kufungua maonyesho. Hicho si kiungo. Kiungo ni fani ambayo ina wenyewe huku na kule.

Tuchukue mradi wa kubuni ili mambo yaonekane: wanawake 30 wa Pangani, mkoani Tanga, wanaosuka ukili na kushona mikeka, makawa na mikoba. Huko South Carolina, pwani ya Marekani, wako Wagullah, kizazi cha Waafrika waliofanywa watumwa, na wanawake wao wanashona vikapu vya nyasi hadi leo na kuviuza kando ya barabara za Mount Pleasant. Wasusi hao wamekumbana na mambo ambayo wa Pangani wanayajua: malighafi inayopungua kwa sababu ardhi ya pwani imejengwa, vikapu vya kuiga vinavyoletwa kwa bei ya kutupa, na mteja asiyejua kwa nini kikapu cha mkono kina bei. Sasa kuna la kubadilishana. Mgeni mmoja akikaa siku 14, akafundisha jinsi wanavyopanga bei na kueleza historia ya kazi yao, naye akajifunza mshono wa huku, ofisa wa utamaduni amepata alichokitaka bila bendera kupeperushwa.

Matangazo hayo hayo huorodhesha visivyolipiwa, na orodha hii hurudi karibu kila mwaka: siasa za vyama, shughuli za dini fulani, hisani, ujenzi, kampeni za kuchangisha fedha, ushawishi wa kupitisha sheria, utafiti wa kisayansi, na mradi ambao lengo lake kuu ni kukuza taasisi ya mwombaji. Hilo la mwisho huangusha wengi. Ukiandika "kuijengea uwezo asasi yetu", umejiondoa mwenyewe. Pombe nayo hailipiwi, hata ya tafrija ya ufunguzi.

Usajili huanza kabla ya andiko

Shirika linaloomba pesa za serikali ya Marekani linatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 inayopatikana SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali hiyo. Tangu 4 Aprili 2022 ndiyo iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS. Shirika la nje ya Marekani lilihitaji pia namba ya NCAGE, inayotolewa kupitia wakala wa ugavi wa NATO, lakini tangu 2022 haitakiwi tena kwa ruzuku zisizo za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ndiyo, NATO, kikundi cha wasusi kiliingia kwenye daftari moja na wauza vipuri vya ndege. Usajili wa SAM.gov ni bure. Atakayekutumia barua pepe akidai dola mia kadhaa "za kukamilisha usajili" ni mfanyabiashara anayeuza kisichouzwa.

Panapokwama ni jina na anwani. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi: cheti kikisema "Umoja wa Wanawake Wasusi" na SAM.gov ikasema "Umoja wa Wanawake Wasusi Pangani", ombi linarudi. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya makazi, kwa hiyo andika mtaa, kijiji na kata vilevile kila mahali, na uhakikishe hati ya kuthibitisha, kama ankara ya umeme au taarifa ya benki, ina maneno hayo hayo. Anza angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, na kumbuka usajili huhuishwa kila mwaka. Mtu binafsi anayeomba kwa jina lake hahitaji usajili huu, na msanii mmoja mwenye wazo zuri anaweza kuomba hivyo.

Kikundi chenye cheti cha halmashauri tu mara nyingi hakitoshi kupokea pesa moja kwa moja. Njia ya kawaida ni kupitia shirika mlezi lenye usajili kamili. Hapo andikeni makubaliano kabla ya pesa kuja: mlezi anachukua asilimia ngapi, nani anatia saini hundi, na siku ngapi zipite kati ya pesa kuingia na kikundi kulipwa. Wanawake wengi wamefanya kazi ya mradi mzima bila kuona mkataba uliosainiwa kwa jina lao.

Kwa Tanzania Bara, kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinadai mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe serikalini, kwa Msajili na Hazina, ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Ruzuku yoyote ya ubalozi yenye maana inavuka kiwango hicho. Kenya ina sheria ya mashirika ya manufaa kwa umma iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, na mashirika ya zamani yalitakiwa kuhamia huko.

Bajeti, ambako andiko zuri hufia

Mradi wetu wa Pangani wa miezi tisa unaweza kuwa hivi, kwa dola za Marekani. Mratibu wa nusu muda, 350 kwa mwezi: 3,150. Mhasibu wa siku chache kwa mwezi, 120: 1,080. Wakufunzi watatu wa ndani, siku 12, 50 kwa siku: 1,800. Mgeni kutoka South Carolina: tiketi 2,200, malazi siku 14 kwa 70, na ujira wa siku 10 kwa 200, jumla 5,180. Nauli na chakula cha washiriki 30 kwa siku 20, dola 6 kila mmoja: 3,600. Walezi wawili wa watoto kwa siku hizo hizo 20, dola 10 kila mmoja: 400. Ukindu, rangi, bitana na zipu, 45 kwa kila mwanamke: 1,350. Maonyesho mawili, 1,900. Picha, lebo na duka la mtandaoni, 1,100. Mwanasheria wa mikataba, 600. Tathmini, 840. Jumla ya gharama za moja kwa moja ni 21,000.

Kwenye gharama za uendeshaji ndipo hesabu huharibika. Kuanzia 1 Oktoba 2024, kwa kanuni za Marekani, shirika lisilo na kiwango chake cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali hiyo linaruhusiwa kudai hadi asilimia 15, kutoka 10 ya zamani. Wengi huzidisha 21,000 kwa asilimia 15 na kupata 3,150. Wamekosea, kwa sababu gharama za kuwahudumia washiriki hazimo kwenye msingi wa hesabu hiyo: toa nauli na chakula 3,600, toa pia malezi ya watoto 400, unabaki na 17,000, na asilimia 15 yake ni 2,550. Ombi sahihi ni 23,550. Tofauti ya dola 600 haitakufilisi, lakini mtu wa fedha akiiona anajua hujasoma kanuni, na anaanza kuchimba mistari mingine.

Mstari wa malezi ya watoto usiuonee aibu. Ukiufuta, mama mwenye mtoto wa miezi minane ataacha kuja siku ya nne, na idadi yako itashuka kabla mgeni hajafika. Kanuni mpya zinautaja waziwazi kama gharama halali.

Tiketi ya mgeni ina mtego wake. Pesa za serikali ya Marekani hununua safari za mashirika ya ndege ya Marekani, au safari ya shirika jingine iliyouzwa kwa namba ya shirika la Marekani, pale zinapopatikana. Tiketi ya bei nafuu iliyonunuliwa nje ya utaratibu huo inaweza kukataliwa, na shirika likailipa mfukoni.

Kodi nazo zina sehemu yake. Kodi ya zuio ya Tanzania, inayokatwa kabla ya kulipa, kwa mkufunzi mkazi ni asilimia 5 ya ujira, na kwa mtaalamu asiye mkazi ni 15. Amueni mapema kama dola 200 za mgeni ni kabla au baada ya makato, la sivyo mtagombana naye siku ya mwisho. VAT ya asilimia 18 ionekane kwenye bei za vifaa, au mjue kwa maandishi kwamba mfadhili ana utaratibu wa msamaha. Na tangu 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bajeti itakuwa ya dola lakini mikataba ya wakufunzi iwe ya shilingi. Shilingi ikipanda kati ya kusaini na kupokea, pengo ni lenu.

Pesa huja kwa awamu. Mara nyingi awamu ya mwisho hulipwa baada ya ripoti kupokelewa, yaani kazi imekwisha na madeni yameshaiva. Msipange maonyesho makubwa kwenye awamu hiyo kama hamna akiba.

Haki ziko wapi katika mkeka?

Hapa ndipo maandiko mengi huwa mepesi. Hutaja haki za wanawake katika utangulizi, kisha kurasa kumi zinazofuata ni mafunzo ya ushonaji. Haki katika mradi wa utamaduni hukaa kwenye vitu vidogo vya karatasi. Nani anamiliki mchoro mpya wa mkoba uliobuniwa darasani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za sanaa tumizi, zikiwemo za mikono, kwa hiyo mwanamke aliyebuni aandikwe jina, na makubaliano yaseme kama kikundi kinaweza kuutumia mchoro wake na kwa malipo gani. Mshono wa jadi si mali ya mmoja wao, ila mpangilio mpya wa rangi na umbo unaweza kuwa. Picha za washiriki zitakazotumika katika matangazo ya ubalozi zinahitaji idhini iliyosainiwa, kwa Kiswahili anachokielewa.

Malipo nayo. Yalipwe kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Waandaaji wakiorodhesha washiriki siku ya kwanza, kwa kawaida huandika namba inayotajwa bila kuuliza ni ya nani, na baadaye hugundua kadhaa ni za waume, wakwe au mwenyekiti. Dawa ni rahisi: tuma shilingi mia tano za majaribio, linganisha jina linalotokea na kitambulisho, na tengeni siku moja ya kusajili laini kwa wasio nazo. Ukiliruka hili, ripoti itasema wanawake 30 wamepokea pesa, na haitakuwa kweli.

Mazoezi au maonyesho yakiisha usiku, bajeti iwe na gari la kuwarudisha. Na kuwe na mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mratibu wala mlipaji.

Kupima kipato

"Wanawake 30 wamepata mafunzo" ni hesabu ya viti. Kipimo kinachofaa kwa kazi ya mikono ni mapato kwa siku ya kazi, na huchukuliwa kabla mafunzo hayajaanza. Tuseme mkoba mmoja unatumia ukindu wa shilingi 4,000, rangi 1,000, bitana na zipu 6,000: jumla 11,000. Dalali anaununua 25,000, na msusi ametumia siku tatu. Amebaki na 14,000, yaani takriban 4,700 kwa siku. Baada ya mradi anatumia bitana bora, gharama inakuwa 13,000, anamaliza kwa siku mbili kwa sababu mgawanyo wa kazi umebadilika, na mteja wa moja kwa moja analipa 40,000. Sasa ni 13,500 kwa siku. Huo ni ushahidi, na unaonyesha pia kilicholeta mabadiliko: kuachana na dalali kumefanya zaidi kuliko bitana. Ongeza swali moja: nani aliamua matumizi ya pesa ya mwezi uliopita? Liulize faraghani, mara mbili, mwanzoni na mwishoni.

Maonyesho hayatoshi kuwa soko. Wanunuzi wa siku ya ufunguzi ni wageni waalikwa, na hawarudi. Mpango wa baada ya ruzuku uwe na jina la mnunuzi na kiasi, pamoja na mtaji. Kwa vikundi vya Tanzania Bara iko mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii akialikwa tangu mwanzo, kikundi kinamaliza ruzuku kikiwa tayari na daftari la mauzo la kuonyesha.

Jambo jingine la kupanga ni kwamba pesa za diplomasia hufuata upepo wa serikali iliyopo. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuikagua, na kufikia 1 Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa na shughuli zilizobaki kupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje. Lugha ya vipaumbele katika matangazo nayo hubadilika, na maneno yaliyopendwa miaka miwili iliyopita yanaweza kuwa mzigo leo. Soma tangazo la mwaka husika, si la rafiki yako aliyefanikiwa. Na mishahara ya kudumu ya shirika la haki isitegemee mfuko huu.

Risiti na kufunga hesabu

Muuza ukindu wa kijijini hana mashine ya EFD ya kutoa risiti, na mfadhili hakulazimishi kununua mjini kwa bei ya mara mbili. Anachotaka ni hati ya malipo yenye jina la muuzaji, namba yake ya simu, kiasi cha mafungu, bei, tarehe, saini au dole gumba, na shahidi asiye mnunuzi. Karatasi ya mahudhurio iwe ya kila siku. Ile moja ya wiki nzima iliyosainiwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja huleta maswali. Ukitaka kuhamisha pesa kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine, omba kwa barua pepe kabla ya kutumia. Ruhusa ya baadaye haipo.

Kwa ruzuku za Marekani, ripoti ya mwisho ya kazi na ya fedha hutakiwa ndani ya siku 120 baada ya muda wa mradi kuisha, na nyaraka zote hutunzwa miaka mitatu tangu ripoti hiyo ya fedha ipelekwe. Zipigeni picha na kuzihifadhi mahali pawili, maana karatasi za pwani huliwa na unyevu, na mkaguzi akija mwaka wa tatu mhasibu wa muda atakuwa ameshahamia kwingine.